KABLA YA KULAUMU MKONO, UPIMWE UDONGO



Katika mashamba ya kutoka Ngomeni kuelekea Gongoni na Marereni twayasikia maneno yale yale. Nyanya zimedumaa, bamia zimegeuka manjano, mimea yanyauka saa sita mchana ingawa ilitiwa maji asubuhi. Msimamizi husema vibarua ni wavivu. Mwingine husema ni chumvi. Wa tatu huagiza dawa. Hapana hata mmoja aliyechimba mzizi akautazama.

Sisi twasema mzizi utazamwe kwanza.

Yuko adui aishiye ardhini, aitwaye minyoo fundo. Wataalamu humwita Meloidogyne. Aingiapo mzizini urefu wake ni kama nusu milimita, basi jicho halimwoni. Apenda udongo wa kichanga wenye joto, na huo ndio wetu wa pwani. Jike mmoja hutaga mayai mamia, na katika joto kizazi kipya hutimia kwa mwezi mmoja hivi.

Alama yake haihitaji shule. Chimba mmea kwa jembe, usiung'oe, maana mizizi myembamba itabaki chini. Uoshe taratibu. Ukiona mzizi wenyewe umevimba mafundo mafundo, huyo ndiye. Lakini tusikosee kwenye kunde: vifundo vyake vyema hushika ubavuni mwa mzizi, hubanduka kwa kidole, na ndani ni vyekundu, hivyo ni rutuba. Fundo la mnyoo halibanduki bila kuukata mzizi. Na chumvi huunguza ncha na kingo za majani, haifanyi mafundo.

Wako minyoo wengine, kama Pratylenchus, wasiofanya mafundo. Hao hutaka maabara. Udongo uchukuliwe mahali 15 au 20 shambani, kina cha sentimita 20 hivi, pamoja na mizizi. Uchanganywe, nusu kilo itiwe katika mfuko usiopoteza unyevu, uandikwe shamba na zao, uwekwe kivulini na kupelekwa upesi. Maabara huutandaza juu ya karatasi laini iliyogusa maji, na kwa siku moja au mbili minyoo walio hai hushukia majini. Asili ya njia hiyo ni daktari Baermann, aliyetafuta minyoo ya safura katika udongo mwaka 1917. Katika hadubini, mnyoo alaye mimea huonekana na sindano mdomoni. Asiye nayo si adui wa mmea.

Mtu atauliza, chama chaingiliaje mambo ya minyoo? Kwa sababu mbili.

Kwanza, ujira. Alipwaye kwa kipande asikatwe kwa kosa la mnyoo.

Pili, uhai. Dawa nyingi za kuua minyoo hawa ni sumu kali. Mwaka 1977, huko Lathrop, California, wafanyakazi wa kiwanda walilinganisha hali zao wakaona kwamba wengi hawapati watoto. Vipimo vikaonyesha kuwa DBCP, dawa ya minyoo waliyoitengeneza, imewaharibu uzazi. Marekani ilizuia karibu matumizi yake yote mwaka 1979, lakini wafanyakazi wa mashamba ya ndizi Amerika ya Kati walikuwa wameishika kwa miaka. Walioanza kuuliza hawakuwa mabwana, bali wafanyakazi wenyewe.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Udongo upimwe kabla ya mtu kukatwa ujira na kabla ya dawa kununuliwa. Matokeo yasomwe mbele ya wafanyakazi. Na dawa isiguswe bila mavazi ya kinga, ambayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri ayatoe.

Zipo njia zisizo na sumu: mizizi iliyougua ikusanywe na kuchomwa baada ya mavuno, na marejea ipandwe kabla ya nyanya. Mbegu za nyanya zenye kinga husaidia, lakini udongo ukizidi joto la digrii 28 kinga hiyo hudhoofika, basi zisitegemewe peke yake.

Na wanachama wenye vishamba nyumbani wachimbe pia watazame. Afisa wa kilimo aulizwe; kituo cha utafiti cha KALRO kipo Mtwapa. Kikulacho ki nguoni mwako, na kiulacho mmea ki mzizini.