Hofu ya barabara kuu haitibiwi kwa kidonge

Wiki tatu zilizopita alikuja kuniona mama mmoja mkazi wa Morogoro. Hakuwa na homa wala kikohozi. Alikaa, akaweka mkoba mapajani, akasema: "Daktari, naomba kidonge cha kutuliza moyo. Nataka kuendesha gari hadi Dar es Salaam."

Ameniruhusu niandike habari zake bila kumtaja jina. Ana miaka 54. Leseni anayo tangu ujanani, na kila siku anaendesha gari lake kwenda kazini na sokoni. Lakini barabara kuu hajaishika kwa miaka 6, tangu alipopita mahali ambapo basi na lori vilikuwa vimegongana muda mfupi kabla. Safari ndefu alikuwa akiendesha mumewe, ambaye sasa ana mtoto wa jicho na amezuiwa kushika usukani hadi afanyiwe upasuaji.

Binti yao anaishi Unguja na amejifungua mtoto wa kwanza. Bibi wa binti huyo, yaani mama mzazi wa mgonjwa wangu, amepita miaka 80 na anataka kumbeba kitukuu wake angali na nguvu mikononi. Magoti yake hayapandi ngazi za basi. Kwa hiyo familia imeamua waende kwa gari hadi bandarini Dar es Salaam, kisha wapande boti.

Tiketi waliyopanga kukata ni ya boti ya saa 1 asubuhi. Maana yake waondoke Morogoro saa 8 usiku. Tangu mpango huo utajwe, mama huyu hapati usingizi. Akifikiria Chalinze tu, moyo unakwenda mbio, viganja vinatoka jasho, kichwa kinakuwa chepesi. Nyumbani wanamcheka: "Gari unaendesha kila siku, unaogopa nini?"

Nilimnyima kidonge. Leo nataka kueleza kwa nini, kwa sababu najua hayuko peke yake, na wengine hawaendi kwa daktari. Wanakwenda moja kwa moja duka la dawa.

Hofu si uzembe

Kwanza tuache kumcheka dereva mwenye hofu. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, linakadiria kuwa ajali za barabarani huua takriban watu milioni 1.19 kila mwaka duniani, na ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Barabara ya Morogoro hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 190, na sehemu kubwa yake gari linalokuja linapishana na lako kwa umbali wa mkono. Humo yanapita malori ya Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi. Mtu anayeiogopa barabara hiyo hajapungukiwa akili. Mimi binafsi namwogopa zaidi yule asiyeogopa kitu.

Hofu kidogo humfanya dereva apunguze mwendo na aache nafasi mbele yake. Hugeuka ugonjwa pale inapokuzuia kufanya mambo ya lazima, inapokunyima usingizi siku nyingi, au inapokujia kwa kishindo ukiwa kwenye usukani.

Kishindo hicho kinaelezeka. Ubongo ukihisi hatari, mwili humwaga homoni ya adrenalini. Moyo unapiga haraka, misuli inakaza, pumzi inakuwa fupi na ya harakaharaka. Kupumua hivyo hutoa hewa ya kaboni dayoksaidi kupita kiasi, na hapo ndipo kizunguzungu na ganzi ya vidole na midomo huanza. Mgonjwa anadhani anakufa. Kwa kawaida hali hiyo hufika kileleni ndani ya dakika kama 10, kisha hushuka yenyewe.

Tatizo ni kwamba kila unapoikwepa barabara, unapata nafuu ya haraka, na ubongo unajifunza kuwa kukwepa ndiko kulikokuokoa. Mara nyingine hofu inakuwa kubwa zaidi. Miaka 6 ya kukwepa imemfikisha mama huyu mahali ambapo jina la mji tu linamtoa jasho.

Lakini si kila moyo unaokwenda mbio ni hofu. Upungufu wa damu, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi na magonjwa ya moyo huleta dalili zinazofanana. Nilimpima kabla ya kusema lolote. Nawe upimwe, hasa kama dalili zinakujia hata ukiwa umekaa sebuleni. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vinavyoweza kushusha sukari apime kabla ya kuwasha gari. Ikiwa chini ya 5, ale kwanza. Ikiwa chini ya 4, asiendeshe hadi itibiwe, ipande na akili itulie kabisa.

Kidonge kinachoua kimyakimya

Dawa aliyoitaka ni diazepamu, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Valium. Inatuliza, ni kweli. Lakini inatuliza pia mguu unaotakiwa kukanyaga breki. Inaleta usingizi, inachelewesha maamuzi, na hubaki mwilini zaidi ya siku moja. Unaweza kuimeza jana jioni na leo asubuhi bado ikawa nawe kwenye usukani. Ukichanganya na pombe, hatari inaongezeka maradufu. Inapouzwa dukani bila cheti cha daktari, muuzaji hajui kama mnunuzi anakwenda kulala au anakwenda kuendesha gari.

Kuna kidonge kingine ambacho watu wa safari za boti wanakisahau: kile cha kuzuia kichefuchefu cha baharini. Dawa nyingi za aina hiyo, kama promethazini na sinarizini, huleta usingizi. Abiria anameza kabla ya kupanda boti na hakuna ubaya. Dereva akimeza Morogoro ili "iwahi kufanya kazi", atakuwa anasinzia akifika Mlandizi. Kama unaendesha, subiri uegeshe gari bandarini ndipo umeze. Wakati wa kurudi, aliyemeza asikabidhiwe usukani.

Muda ndio dawa

Kilichonitisha zaidi katika mpango wao ni saa ya kuondoka. Mtu asiyelala vizuri kwa siku kadhaa, anaendesha gizani, anakimbizana na saa ya boti, nyuma yake amekaa bibi wa miaka 80. Tafiti zimeonyesha kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo huwa mzito wa kutenda kama mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu. Boti ikikuacha, nyingine ipo. Lakini dereva anayeiwahi boti hulipita lori mahali ambapo siku nyingine asingethubutu.

Kwa hiyo niliandika maelekezo badala ya dawa. La kwanza: waondoke siku moja kabla, mchana, walale kwa ndugu Dar es Salaam, na asubuhi waende bandarini wakiwa wamepumzika.

La pili: aizoee barabara kwa hatua, akiwa na mtu mtulivu pembeni. Aanze kwenda hadi Mikese na kurudi, mara kadhaa, hadi mwili uchoke kuogopa. Kisha aende Chalinze. Asiruke hatua, na asigeuze njiani kwa sababu ya hofu peke yake. Akizidiwa, aingie sheli au kituo cha mabasi, si pembeni ya lami, asubiri itulie, kisha aendelee. Anayeona hawezi peke yake amtafute mwalimu wa udereva kwa vipindi vichache. Na kama aliwahi kupata ajali na picha zake zinamrudia usiku, amwone mtaalamu wa afya ya akili. Tiba ya mazungumzo ya kumkabilisha mtu na hofu yake kidogokidogo inafanya kazi vizuri.

La tatu: pumzi. Avute hewa kwa pua akihesabu hadi 4, aitoe taratibu akihesabu hadi 6. Ajizoeze nyumbani kila siku, ili siku ya safari mwili uwe unajua, macho yakiwa barabarani.

La nne: apumzike kabla hajachoka, angalau kila baada ya saa 2. Wanaotaka kumpita awaache wapite. Simu akabidhiwe abiria. Na wanaokaa naye ndani ya gari wasipige kelele za "pita, pita!" Dereva ni yeye.

La tano nililisema kwa mdomo: kubadilisha mpango si aibu. Treni ya SGR inaunganisha Morogoro na Dar es Salaam, na anayeweza kuipanda aipande. Anayeweza kumlipa dereva mzoefu amlipe. Kama siku hiyo mwili umegoma kabisa, kuahirisha ni uamuzi wa dereva mwema. Familia ikubali hilo kabla ya tiketi kukatwa, ili asilazimike kuamua huku watu wote wamekwisha kukaa kwenye gari.

Ombi langu kwa madaktari wenzangu na wauza dawa ni moja. Mtu akija kuomba cha kutuliza moyo, tumuulize kwanza: "Unakwenda wapi, na nani anaendesha?" Swali hilo halichukui hata dakika, na jibu lake ndilo litakaloonyesha kama tunatibu au tunahatarisha.

Jumapili iliyopita nilipokea ujumbe wa simu kutoka kwa mama yule: "Daktari, nimefika Mikese. Mikono inatetemeka. Nimekaa nakunywa maji, halafu narudi." Jioni akaandika tena kwamba amefika nyumbani salama, na kwamba keshokutwa atakwenda tena.

Safari yao ni mwisho wa mwezi ujao. Sijui kama atafika bandarini akiwa dereva au abiria. Kitukuu atabebwa kwa vyovyote vile.