Mafundi wa Lamu wanavyopotelea mtandaoni

MNUNUZI aliye Hamburg au Toronto anayetamani mlango wa kuchongwa wa Waswahili hahitaji tena kuvuka maji kutoka Mokowe ili aufikie. Huandika maneno mawili matatu katika mtambo wa kutafuta kama Google, kisha akachagua miongoni mwa majina machache yanayotangulia. Fundi ambaye tovuti yake imesukumwa hadi ukurasa wa tatu au wa nne hana tofauti na mwenye duka katika kichochoro kisichopitwa na mtu.

Kwa visiwa vya Lamu, hili si jambo la kupuuza. Milango na masanduku yanayochongwa mjini Amu, makubadhi ya ngozi ya Siyu na kofia zinazodariziwa kwa mkono hutegemea wageni, na wageni wa Lamu wamekatika zaidi ya mara moja tangu mwaka 2011. Duka la mtandaoni lingemwezesha fundi kuuza hata msimu ambapo hoteli za Shela hazina watu. Hata hivyo, duka hilo hukabiliwa na kikwazo ambacho mshindani wake wa Nairobi hana. Kikwazo hicho ni jina la Lamu lenyewe.

Ili kuelewa jinsi jina linavyoweza kuwa kikwazo, ni vyema kurejea mwanzo. Larry Page na Sergey Brin, walioanzisha kampuni ya Google mwaka 1998, walijenga mtambo wao juu ya wazo kwamba kiungo kinachotoka tovuti moja kwenda nyingine ni mfano wa kura. Kura ya tovuti inayoheshimiwa huwa na uzito zaidi kuliko ya tovuti isiyojulikana. Vigezo vingi vimeongezwa tangu wakati huo, lakini msingi huo haujabomolewa.

Tazama basi kura za neno "Lamu" zilikotoka. Mwaka 2001, Shirika la UNESCO liliuingiza mji wa kale wa Lamu katika orodha ya urithi wa dunia, na hilo lilikuwa jambo la heri. Kisha mnamo Septemba na Oktoba 2011, raia wa kigeni walitekwa nyara Kiwayu na Manda. Juni 2014, zaidi ya watu 60 waliuawa katika mashambulizi ya Mpeketoni na vijiji vya karibu. Januari 2020, kambi ya kijeshi ya Manda Bay ilishambuliwa na Wamarekani watatu wakauawa. Kila mkasa ulizaa habari tele katika magazeti na mashirika makubwa ya utangazaji duniani, ambayo tovuti zake zina uzito ambao duka la seremala haliwezi kuukaribia. Serikali za kigeni nazo zilitoa ilani za usafiri zenye jina lilo hilo.

Katika hili, sisi wa vyumba vya habari hatuwezi kujitoa lawamani. Mpeketoni iko bara, ng'ambo ya maji. Kambi ya Manda Bay nayo, licha ya jina lake, iko bara wala si katika kisiwa cha Manda ambako ndege za watalii hutua. Lakini Lamu ni jina la mji, la kisiwa, la visiwa vyote na la kaunti nzima, ambayo kabla ya 2013 ilikuwa wilaya. Aidha, ni neno la herufi nne. Kwa anayetunga vichwa vya habari usiku huku safu ikiwa nyembamba na mtambo wa kuchapisha ukimsubiri, herufi nne ni neema. Nimelitumia mimi mwenyewe mara zisizo na hesabu, na sikuwahi kumfikiria mchonga milango.

Je, fundi afanye nini? Kwanza, asipigane na magazeti ya dunia kwa neno "Lamu" peke yake, kwa kuwa vita hivyo hataviweza. Mwenye pesa mkononi huandika jina la kitu anachokitaka. Katika biashara ya samani za kale, sanduku la mbao lililopambwa kwa shaba limezoeleka kuitwa sanduku la Zanzibar, hata kama lilitengenezwa kwingineko. Fundi wa Amu anayeandika tu "kazi nzuri ya mikono ya Waswahili" hatapatikana na mtu wa aina hiyo. Anayeeleza kwamba analo sanduku la mtindo huo lililotengenezwa Lamu, akataja aina ya mbao, vipimo, siku alizolifanyia kazi, namna litakavyofungwa na njia litakayosafirishwa, amejibu maswali ambayo mnunuzi angeyauliza. Picha nazo zipewe maelezo ya maneno, kwani maneno husaidia mtambo kujua kilichomo.

Suala la maneno lina uzito kuliko linavyodhaniwa. Wageni wengi huandika "kikoy" badala ya "kikoi". Mwaka 2006, kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili tahajia hiyo kuwa alama yake ya biashara nchini humo. Ombi lilipingwa kwa niaba ya wafanyabiashara wa Kenya na likaachwa mwaka 2008. Mmiliki wa alama ya biashara angeweza kuwazuia wengine kuuza huko kwa neno hilo, hata wale walioifunga nguo hiyo viunoni tangu utotoni. Muuzaji anayekataa kuiweka tahajia ya wageni katika ukurasa wake kwa kuwa si Kiswahili sanifu anawapisha wengine bila kulazimishwa.

Lipo pia neno lenye hatari, nalo ni "kale". Wanunuzi wengi hutafuta vitu vya kale, na kishawishi cha kuuita mlango mpya "mlango wa kale" ni kikubwa. Lakini Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inataka kibali ili kitu cha kale kisafirishwe nje ya nchi. Kwa hivyo muuzaji wa namna hiyo ama anamdanganya mnunuzi ama anajitangaza kuwa mvunja sheria. Aseme mlango ni mpya, umechongwa kwa mtindo wa zamani.

Viko pia vijikampuni vinavyoahidi kumpandisha mtu hadi nafasi ya kwanza kwa malipo. Mbinu zao huwa ni kurundika maneno yaliyofichwa na kununua viungo. Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haizingatii orodha ya maneno msingi inayofichwa ndani ya ukurasa, na mabadiliko ya 2011 na 2012 yalilenga kurasa zisizo na maana na viungo vya hila. Anayehakikisha nafasi ya kwanza anauza kitu asichokuwa nacho. Afadhali pesa hizo zitumiwe kupunguza uzito wa picha, maana tangu 2018 kasi ya ukurasa kwenye simu ni miongoni mwa vigezo.

Viungo vya halali viko karibu. Hoteli za Shela na Amu zina tovuti zinazojulikana nje kuliko duka lolote la fundi. Wageni wao hulala juu ya vitanda vilivyochongwa hapo hapo na kuingia kwa milango ya mafundi hao hao, lakini ni nadra jina la fundi kutajwa. Mstari mmoja wenye kiungo haugharimu kitu. Makavazi ya Lamu, serikali ya kaunti na waandalizi wa Tamasha la Utamaduni wangeweza kufanya vivyo hivyo.

Sasa akili mnemba nayo inatunga majibu juu ya matokeo ya utafutaji, na huyatunga kutokana na yaliyokwisha kuandikwa. Yakiwa mengi ni ya mashambulizi, jibu litafuata mkondo huo.

Ndiyo maana wahariri nao wana deni la kulipa. Kichwa cha habari mtandaoni hakibanwi na upana wa safu. Mpeketoni ina herufi tisa, na skrini ina nafasi ya kuzitosha. Habari za 2011 na 2014 bado zimo katika hifadhi za magazeti zikiwa na vichwa vyake vya awali, na si lazima zifutwe, kwa kuwa yaliyotokea yalitokea. Kuongeza mwaka na jina la mahali penyewe katika kila kichwa ni kazi ya msanifu mmoja na juma moja la subira.