Kabla ya kuchanganya dawa ya mtoto, uliza: maji kiasi gani?

Mtoto wa miezi 11 aliletwa jioni akiwa ameharisha kwa siku mbili. Kwa kumtazama haraka, alifanana na watoto wengi tunaowapokea msimu wa mvua: midomo mikavu, kilio kisicho na machozi. Lakini huyu alikuwa anahangaika kupita kawaida, analia kwa sauti kali, na kila alipoona kikombe alikinyakua kwa mikono miwili. Kabla hatujamaliza kumpima, akashikwa na degedege.

Hakuwa na homa. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu na sukari yake ilikuwa sawa. Majibu mengine ya damu yalipokuja, sodiamu, ambayo ndiyo sehemu kuu ya chumvi ya mwilini, ilikuwa juu sana. Nikamgeukia mama yake.

“Mama, nyumbani ulikuwa unampa nini?”

“ORS, dokta. Nilipewa pakiti nne.”

“Ulizichanganya na maji kiasi gani?”

Akatoa kwenye mkoba kikombe cha plastiki cha kunywea chai. “Hiki hapa. Pakiti moja, kikombe kimoja. Alikuwa hataki kunywa mengi, nikaona bora anywe kidogo chenye nguvu.”

Mama yule hakuwa mzembe. Aliwahi kutafuta dawa, aliitumia bila kukosa, hata kikombe alikuja nacho. Alipopewa pakiti zile aliambiwa achanganye na maji safi na salama, na maji yake yalikuwa safi na salama. Hakuna aliyemwonyesha ni maji kiasi gani, wala kumweleza kwa nini kiasi hicho hakibadilishwi.

Hesabu ya kikombe kile

Sote tunajua chai iliyokolea na chai iliyopooza. Majani ni yale yale, kinachobadilika ni maji. Huo ndio ukolevu: kiasi cha kitu kilichoyeyuka ndani ya kiasi fulani cha maji. Ili kuupata, unagawanya kiasi cha kitu kwa kiasi cha maji. Kwenye chai, kosa la hesabu hii linaharibu ladha tu. Kwenye ORS linaweza kuharibu ubongo wa mtoto.

Pakiti ya ORS ya lita moja ina gramu 20.5 za unga: sukari ya glukosi gramu 13.5, chumvi ya kawaida gramu 2.6, na zilizobaki ni chumvi za potasiamu na sitreti. Ikiyeyushwa kwenye lita moja kamili, maji hayo yanakuwa na sodiamu 75, kwa kipimo cha maabara cha milimoli kwa lita. Damu ya mtu mwenye afya ina kati ya 135 na 145. Kwa hiyo ORS iliyochanganywa vizuri ina chumvi kidogo kuliko damu, na hilo limekusudiwa. Utumbo unayapokea maji hayo kwa urahisi, na glukosi inasaidia kuivuta chumvi iingie mwilini pamoja na maji.

Sasa chukua pakiti ile ile, uimimine kwenye kikombe cha robo lita. Maji yamepungua mara nne, kwa hiyo ukolevu umepanda mara nne: 75 mara 4 ni 300. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya damu. Maji ya bahari yana sodiamu kama 470. Mtoto yule, aliyekuwa tayari amekaukiwa maji, alikuwa ananyweshwa kitu chenye chumvi nyingi kuliko damu yake mwenyewe.

Umewahi kuona samaki anayetiwa chumvi kabla ya kuanikwa? Anatoa maji. Chumvi iliyozidi huvuta maji namna hiyo hiyo mwilini. Kwanza yanavutwa kuingia kwenye utumbo, kuharisha kunaongezeka. Kisha chumvi inapozidi kwenye damu, maji yanavutwa kutoka kwenye seli za mwili, zikiwemo za ubongo. Ndiyo maana alikuwa na kiu isiyokatika, ndiyo maana alilia vile, na ndiyo maana alipata degedege.

Wapo pia wanaokosea upande wa pili. Mzazi anaona pakiti ni chache, anaiyeyusha moja kwenye lita mbili ili zidumu. Ukolevu unashuka hadi nusu. Mtoto anakunywa, tumbo linajaa, lakini chumvi anayopoteza kwenye choo hairudishwi ipasavyo.

“Chenye nguvu” si bora

Wazo kwamba dawa ikikolea ndiyo inatibu haraka liko kwa wengi, wakiwemo watu waliosoma. Historia ya ORS inalikataa. Mwaka 1971, wakati wa vita vya ukombozi wa Bangladesh, kipindupindu kiliingia kwenye kambi za wakimbizi upande wa India. Daktari Dilip Mahalanabis na wenzake walikuwa Bongaon, na dripu zilikuwa zinaishiwa. Wakapima glukosi, chumvi na magadi, wakafunga kwenye mifuko ya plastiki, kisha ikayeyushwa kwenye mapipa. Ndugu wa wagonjwa walichota kwa vikombe na kunywesha. Vifo vilivyokuwa karibu watu 30 katika kila 100 vilishuka chini ya watu 4.

Mwaka 2002, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walibadilisha mchanganyiko huo. Hawakuuongezea nguvu, waliupunguza: sodiamu ikashushwa kutoka 90 hadi 75, glukosi kutoka 111 hadi 75. Sababu ni kwamba watoto waliopewa ile iliyopooza kidogo walitapika kidogo, walipoteza maji kidogo kwenye choo, na wachache zaidi ndio waliohitaji dripu.

Nataka tuone jambo moja katika habari ya Bongaon. Ndugu wa mgonjwa hawakuachiwa kazi ya kukisia. Vipimo vilifanywa na waliojua, wao wakachota. Leo kazi ya kupima tumeikabidhi kwa mzazi, na mara nyingi tunamkabidhi bila chombo.

Hata sirapu ina hesabu yake

ORS si dawa pekee yenye mtego huu. Kila wiki mzazi ananiambia, “Nilimpa parasetamoli kijiko kimoja.” Nikiuliza ya nguvu gani, anashangaa. Sirapu nyingi za watoto zina miligramu 120 katika kila mililita 5. Zipo zenye miligramu 250 katika mililita 5. Na zipo za matone, ambazo mililita 1 peke yake ina miligramu 100.

Mtoto wa kilo 10 anahitaji miligramu zisizozidi 150 kwa dozi moja, yaani 15 kwa kila kilo. Hesabu yake ni hii: miligramu anazohitaji, mara mililita zilizoandikwa kwenye chupa, gawa kwa miligramu zilizoandikwa kwenye chupa. Kwa sirapu ya 120: 150 mara 5, gawa kwa 120, unapata mililita 6 na robo. Kwa ile ya matone: 150 mara 1, gawa kwa 100, unapata mililita 1 na nusu. Mzazi aliyezoea kutoa mililita 6 akibadilishiwa chupa bila kuambiwa, akatoa mililita 6 za ile ya matone, amempa mtoto miligramu 600. Hiyo ni mara nne ya dozi yake, na parasetamoli ikizidi huumiza ini.

Kosa hili haliko kwetu tu. Marekani, watengenezaji waliamua mwaka 2011 kuachana na matone makali ya parasetamoli ya watoto wachanga na kubaki na ukolevu mmoja, kwa sababu wazazi walikuwa wanazichanganya chupa hizo mbili.

Antibiotiki za unga nazo ni vivyo hivyo. Chupa ya amoksisilini ya mililita 100, yenye miligramu 125 katika kila mililita 5, ina miligramu 2,500 kwa jumla. Ukipitisha maji hadi mililita 150, kila mililita 5 inabaki na miligramu 83 tu. Mtoto mwenye nimonia anapata theluthi mbili ya dozi, na wadudu wanapata nafasi ya kuizoea dawa.

Mzazi afanye nini

Kwanza, soma pakiti ya ORS. Nyingi ni za lita moja, lakini zipo za nusu lita, hivyo fuata iliyoandikwa. Tumia chupa safi ya maji ya kunywa yenye ujazo ulioandikwa, na uangalie isiwe ya lita moja na nusu. Mimina pakiti nzima, usigawe unga kwa macho. Usiongeze sukari, soda wala juisi. Yakifika saa 24, mwaga, changanya mengine.

Pili, mtoto asiyetaka kunywa mengi hasaidiwi kwa kukoleza. Anasaidiwa kwa kunyweshwa kidogo kidogo, kijiko baada ya kijiko. Akitapika, subiri dakika 10 kisha endelea polepole zaidi. Mtoto chini ya miaka miwili apate mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha, na aendelee kunyonya.

Tatu, achana na kijiko cha jikoni. Watafiti nchini Ugiriki waliwahi kupima vijiko vya chai vya majumbani, wakakuta kidogo kabisa kinabeba mililita 2.5 na kikubwa zaidi ya mililita 7. Omba sirinji isiyo na sindano au kikombe cha kupimia.

Nne, dawa ya unga ni vizuri ichanganywe na mfamasia mbele yako. Ukichanganya mwenyewe, tumia maji yaliyochemshwa yakapoa. Weka nusu, tikisa, kisha ongeza hadi kwenye alama na usiipite.

Mtoto anayeharisha akishindwa kunywa, akilegea, akipata degedege au choo kikiwa na damu, usiendelee kumpa ORS nyumbani ukisubiri. Mlete hospitali. Mwenye homa akiwa chini ya miezi mitatu, mlete pia, usianze na sirapu.

Na sisi je?

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kuwaachia wazazi mzigo wote. Lakini cheti kinachosomeka “kijiko kimoja mara tatu” kimeandikwa na daktari, na mimi mwenyewe nimewahi kukiandika miaka ya mwanzo ya kazi. Kijiko bila ukolevu si dozi. Kila cheti cha dawa ya maji kiwe na miligramu, mililita na nguvu ya chupa. Dirishani, anayetoa dawa asimruhusu mzazi kuondoka kabla hajamwonyesha kwa chombo: “Mama, maji yafike hapa. Dawa ifike hapa.” Kisha amwombe arudie. Ni dakika mbili. Foleni ni ndefu, najua, lakini mtoto yule alilala wodini siku sita.

Ilibidi tushushe sodiamu yake taratibu, kwa siku mbili, kwa sababu ikishuka haraka ubongo huvimba. Alipona na kurudi nyumbani anacheka. Siku anaruhusiwa, muuguzi wetu alichukua chupa tupu ya lita moja, akaiweka mkononi mwa mama pamoja na pakiti mbili. Mama akaitazama chupa, akatazama kile kikombe chake, akasema, “Kumbe kilikuwa ni kitu hiki tu, dokta.”

Ndiyo, mama. Kilikuwa ni kitu hiki tu, na tulipaswa kukupa tangu siku ya kwanza.