Urithi Usio na Mbegu: Somo Lililomo Katika Migomba ya Songambele

Mwalimu wa baiolojia afikapo kwenye sura ya urithi, aghalabu huanza na njegere za Gregor Mendel. Huchora ubaoni njegere ndefu na njegere fupi, hueleza matokeo yaliyochapishwa mwaka 1866, na huwaonyesha wanafunzi uwiano wa tatu kwa moja. Wanafunzi hunakili, hukariri, na wengi hufaulu mtihani. Kisha mwanafunzi wa Songambele hurejea nyumbani kwao, akapita chini ya migomba ya wazazi wake, asijue kwamba amezungukwa na fumbo la urithi gumu kuliko lile la njegere.

Hiyo ni hasara kubwa. Songambele imo katika nchi ya Karagwe ya zamani, ambayo tangu mwaka 2012 imegawanyika kuwa Wilaya ya Karagwe na Wilaya ya Kyerwa, mkoani Kagera. Huko ndizi ndicho chakula cha msingi, na kibanja cha migomba na mibuni ndicho uhai wa kaya. Kibanja hicho kimo hatarini, na watakaoamua kipandwe nini ni hao hao wanaoketi darasani leo. Haifai wapewe uamuzi huo bila elimu yake.

Aina nyingi, asili moja

Mtu mzima wa Kagera hawezi kusema "ndizi" akaishia hapo. Ziko ndizi za kupika, ziko embire za pombe, ziko enkonjwa za kuchoma, na ziko zinazongojwa ziive. Hata katika zile za kupika, wazee hutofautisha Enshakala na Entobe, na Enyoya na Enchoncho. Huzitambua kwa umbo la mkungu, kwa rangi ya shina, kwa namna ndizi zilivyojipanga kwenye chane, na kwa ladha yake zikiwa chunguni.

Ndizi hizi ni za kundi la nyanda za juu za Afrika Mashariki, linaloenea Uganda, Rwanda, Burundi, mashariki ya Kongo na kaskazini-magharibi ya Tanzania. Nchini Uganda peke yake wataalamu wameorodhesha aina zipatazo themanini. Hata hivyo, uchunguzi wa jeni uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha jambo la ajabu: aina hizo zinakaribiana mno, kana kwamba zote zimetokana na mgomba mmoja wa kale. Tofauti zinazoonekana zilizuka kidogo kidogo katika machipukizi, mkulima akaziona, akazipenda, akazitenga na kuzipa majina. Kwa hiyo mchaguzi wa kwanza wa mbegu bora katika nchi hii hakuvaa koti jeupe la maabara. Alishika mundu.

Lakini ukaribu huo una ubaya wake. Ndugu wanaofanana sana huugua maradhi yanayofanana. Sigatoka nyeusi hukausha majani kabla mkungu haujajaa, fukusi hutoboa kitako cha mgomba, na minyoo midogo hula mizizi mpaka mgomba ukaanguka kwa upepo. Aina moja ikielemewa, jirani zake nazo haziko mbali. Hapo ndipo watu huuliza: kwa nini wataalamu wasizalishe migomba yenye nguvu zaidi, kama walivyofanya kwa mahindi?

Kwa nini si kazi nyepesi

Jibu limo ndani ya seli. Kromosomu za ndizi huhesabiwa kwa seti za kumi na moja. Ndizi-mwitu zina seti mbili, yaani kromosomu 22. Hizo hugawanyika sawasawa wakati wa kutengeneza chavua na mayai, na matunda yake hujaa mbegu ngumu. Ndizi za kupika za Songambele zina seti tatu, yaani kromosomu 33. Kitu kilicho katika mafungu matatu hakigawanyiki mara mbili bila kubaki. Mayai mengi huharibika, na ndiyo sababu mlaji hakuti mbegu mdomoni.

Tena iko sifa ya pili, ambayo yafaa isichanganywe na ile ya kwanza: tunda la ndizi hujaa nyama bila kuhitaji chavua. Ndizi-mwitu isiyochavushwa hubaki tupu, lakini ndizi ya kibanjani hunenepa hata ua dume likikatwa mapema. Sifa hizo mbili, utasa na tunda lijijazalo, ndizo zilizomfaa mlaji. Lakini hizo hizo ndizo zilizomfungia mlango mzalishaji, kwani bila mbegu hapana mtoto mpya, na bila mtoto mpya hapana kuchanganya sifa za baba na mama.

Uzalishaji wa ndizi chotara ulianza Trinidad mwaka 1922 na Jamaica mwaka 1924, kwa sababu mnyauko wa Panama ulikuwa ukiiangamiza ndizi ya biashara iitwayo Gros Michel. Kwa ndizi za nyanda za juu, watu waliamini kwa muda mrefu kwamba hazizai kabisa. Imani hiyo ilivunjwa kwa subira. Katika miaka ya 1990, watafiti nchini Uganda walizichavusha aina za wakulima kwa chavua ya ndizi-mwitu ya Asia iitwayo Calcutta 4. Aina nyingi hazikutoa kitu, lakini chache, miongoni mwao Enzirabahima na Kabucuragye, zilitoa mbegu. Mbegu hizo ni haba na huota kwa shida, hata kiini chake hulazimika kutolewa na kuleleshwa ndani ya chupa maabarani.

Hesabu ya vizazi viwili

Hapa mwalimu aweza kuachana na njegere kwa kipindi kimoja na kuandika hesabu hii ubaoni. Mara chache yai la mama mwenye kromosomu 33 halipunguzwi, bali hubaki na zote 33. Likikutana na chavua ya Calcutta 4 yenye kromosomu 11, hupatikana mtoto mwenye 44. Mtoto huyo ana robo ya urithi wa mwituni. Yeye si mgomba wa kumpa mkulima, kwani aweza kuwa na mbegu katika matunda yake, lakini sasa ana seti nne zinazogawanyika sawasawa. Akichavushwa na baba bora mwenye kromosomu 22, yeye hutoa 22 na baba hutoa 11. Mjukuu hupata 33, idadi ile ile ya bibi yake, na hurudia kuwa tasa na asiye na mbegu.

Mwanafunzi na aulizwe: katika zile 22 zilizotoka kwa mama, ni ngapi zinazotazamiwa kuwa za Calcutta 4? Robo ya 22 ni tano na nusu. Kwa kuwa kromosomu haikatwi nusu kwa hesabu ya ubaoni, mjukuu mmoja atapata nne, mwingine saba. Kwa sababu hiyo, ndugu wa tumbo moja hutofautiana, na mzalishaji hulazimika kupanda mamia ili achague wachache.

Wala sifa hazisafiri peke yake. Utafiti kuhusu chotara wa ndizi uliofanywa Nigeria na kuchapishwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba uwezo wa kustahimili sigatoka nyeusi hutegemea jeni moja kuu iliyofichika, ikisaidiwa na nyingine ndogo. Jeni iliyofichika hujidhihirisha pale tu isipofunikwa na mwenzake. Aidha, pamoja na ustahimilivu, ndizi-mwitu huleta mkungu mdogo na tunda lisilolika. Kuutenga wema na ubaya huo ni kazi ya miaka mingi.

Kazi hiyo imezaa matunda. Mwaka 2010 Uganda iliidhinisha chotara wa kupika aitwaye Kabana 6H. Kundi la chotara 27 wanaoitwa NARITA lilifuata, na baadhi yao walijaribiwa pia nchini Tanzania, katika Kituo cha Utafiti cha Maruku karibu na Bukoba na huko Mitalula, Rungwe. Mwaka 2021 Tanzania iliidhinisha aina nne zilizopewa majina TARIBAN1 hadi TARIBAN4.

Makosa mawili ya kuepukwa

Kuna wasemao kwamba, kwa kuwa aina mpya zimefika, zile za wazee zing'olewe. Kuna na wasemao kwamba ndizi za maabara hazina ladha, basi zisikanyage kibanjani. Pande zote mbili zimekosea, na somo la urithi lenyewe laonyesha kosa.

Wa kwanza wamesahau mama wa hao chotara ni nani. Wote walitoka katika vibanja vya wakulima. Lau Enzirabahima ingalikuwa imekwisha ng'olewa kabla ya kujaribiwa, mlango ule ungalibaki umefungwa. Aina inayodharauliwa leo Songambele huenda ikawa ndiyo yenye yai litakalohitajiwa kesho.

Wa pili wana hoja ya kusikilizwa, kwani ladha nayo ni sifa ya urithi. Kati ya mwaka 1997 na 2002, mradi wa Serikali za Tanzania na Ubelgiji ulisambaza Kagera aina za nje, zikiwamo zile za FHIA zilizozalishwa Honduras. Mikungu yake ilikuwa mikubwa na majani yake imara, lakini kwa chungu cha nyumbani wakulima wengi waliendelea kuzipendelea ndizi zao za asili. Hilo halikuwa ukaidi. Ndizi isiyolainika chunguni haijafaulu, hata ikiwa na mkungu wa kilo nyingi. Dawa yake ni kuwashirikisha wapishi katika uchaguzi tangu mapema, wala si kuyafukuza mageni yote.

Yafaa pia ukweli usemwe kuhusu mnyauko wa bakteria, uliogunduliwa Kagera mwaka 2006. Chotara hawa hawakuzalishwa kuuzuia, na aina zote za ndizi zinazoliwa zimeonekana kuambukizwa nao. Ustahimilivu umeonekana katika ndizi-mwitu iitwayo kwa Kilatini Musa balbisiana, lakini haujafikishwa kibanjani. Kinga iliyopo ni mikono ya mkulima: kuvunja ua dume kwa kijiti chenye panda mara chane ya mwisho itokezapo, kusafisha panga kwa moto au dawa kila mgomba umalizwapo, na kutohamisha machipukizi kutoka kwenye kibanja chenye ugonjwa.

Wajibu wa shule

Kila shule ya sekondari ya Karagwe na Kyerwa yaweza kutenga sehemu ya shamba lake ikapanda aina kumi za kwao, kwa machipukizi yaliyohakikishwa kuwa safi, pamoja na aina mpya moja au mbili. Wanafunzi na wawaulize wazee jina la kila aina na matumizi yake. Wapime kimo, wahesabu siku tangu kupanda hadi kuchanua, wahesabu majani mabichi siku mkungu utokapo, na mwishowe wapike na kuonja bila kuambiwa ni ndizi gani. Daftari hilo likitunzwa miaka mitano litakuwa na thamani kwa darasa, kwa mkulima, na hata kwa mtafiti wa Maruku.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji ahame. Chotara na waje Songambele wakiponye kibanja, na Enshakala na Entobe zibaki palepale zilipopandwa na wazee.