Birere: Tansio kushuka si ruhusa ya kutupa dawa

GOMA – Kuna neno moja linalodanganya wagonjwa wa presha, au tansio, Birere: «Mama, tansio yako imeshuka, umepona, acha vidonge.» Ni neno la hatari, na wanaolisema wakome.

Tansio ikishuka kwa mtu anayekunywa dawa, mara nyingi ni dawa yenyewe inayoishikilia. Kuitupa ghafla ni kama kuondoa jiwe chini ya gurudumu la chukudu lililojaa mzigo kwenye mteremko. Mtu akikata klonidini, tansio inaweza kupanda ndani ya siku moja au mbili kupita ilivyokuwa mwanzo. Akikata propranololi au atenololi, moyo unaweza kwenda mbio, na mwenye ugonjwa wa moyo anaweza kuanguka. Amlodipini haina kishindo hicho, lakini tansio hurudi polepole, bila maumivu, mpaka kiharusi kinapogonga mlango.

Wengine watauliza: pesa iko wapi? Swali ni la haki. Vita vilipoingia Goma Januari 2025, benki zilifungwa. Mwezi uliofuata, familia za kambi za Bulengo na Lushagala zilibomoa vibanda na kubeba vitu vyao mgongoni. Anayekosa pesa ya vidonge hana kosa. Kosa ni la anayemwambia amepona ili amuuzie majani na kitunguu saumu. Na wanaopanga misaada nao wajibu: je, mgonjwa wa tansio si mhanga wa vita?

Kuacha dawa kwa usalama kunawezekana kwa baadhi ya watu. Muganga hupima siku mbalimbali, hupunguza kidogo kidogo, dawa moja baada ya nyingine, kisha huendelea kupima kwa miezi. Anayekimbia abebe karatasi ya dawa, au hata pakiti tupu. Vidonge vikibaki vichache, aende kituo cha afya kabla havijaisha. Akipata kizunguzungu au kuharisha sana, amwone muganga upesi. Pengine dozi itabadilishwa. Uso ukipinda, mkono ukilegea au ulimi ukiwa mzito, ni hospitali saa hiyo hiyo.

Muuza dawa asiyepima mtu hana haki ya kumtangazia kwamba amepona. Afunge mdomo, auze sabuni.