Sindimba Isizimwe na Spika

Sherehe ifanyikapo Masasi au Newala siku hizi, mara nyingi sauti inayotangulia kusikika ni singeli. Wako ndugu zetu, walimu na watumishi wa umma, wanaoushutumu muziki huo kwa kasi yake ipitayo mapigo 200 kwa dakika, na kwa uchezaji wa viuno. Shutuma hizo ni za haraka mno. Singeli haikutoka ng'ambo. Ilizaliwa uswahilini, Dar es Salaam. Sindimba ya Wamakonde nayo ililaumiwa vivyo hivyo kwa viuno vyake, na bado ikawa fahari ya Taifa zima.

Hatari iliyopo si kasi, bali ni usahaulifu. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akisikitika kwamba wasomi walizijua dansi za kigeni kuliko ngoma za kwao. Spika hukodishwa, upigaji ngoma hurithishwa. Fundi akifariki bila mwanafunzi, hakuna duka litakalotuuzia mwingine.

Hapana budi basi kila shule ya wilaya hizo imwalike fundi wake katika saa za michezo, na Maofisa Utamaduni wayarekodi mapigo yake. Vijana na wacheze singeli, lakini wasiwe wageni wa sindimba katika uwanja wa kwao.