Nyuma Hakuna Kitu?

Nilipofika Bath, Uingereza, mwenyeji wangu alinisimamisha kwenye majani mbele ya Royal Crescent akaniambia, "Tazama hapa. Nyuma usijisumbue, hakuna kitu." Nikaenda nyuma.

Mbele kunastahili sifa zake. John Wood Mdogo alianza kazi mwaka 1767, na kufikia 1775 nyumba 30 za mawe ya rangi ya asali zilikuwa zimesimama kwa umbo la hilali, zikiwa na nguzo 114 za mtindo wa Ioniki. Ukiwa mbali utadhani ni kasri moja. Nyuma ni mambo mengine: ukuta huu umetokeza, ule umerudi ndani, paa hazilingani, madirisha hayafuati mstari. Kila mnunuzi alinunua kipande cha uso wa mbele, kisha akamtafuta msanifu wake mwenyewe amjengee nyumba nyuma yake kama apendavyo.

Wako wasemao kwamba huo ni uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nawakatalia. Mkakasi hudanganya, hapa watu walipatana. Uso wa mbele ulikuwa wa mji mzima, hivyo kila mmoja alizuia matakwa yake. Nyuma palikuwa pake, na watu wake, na jiko lake. Sioni unafiki hapo. Naona adabu ya kuishi na majirani.

Aibu ya Bath iko kwingine. Katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakubwa wa mji walibomoa mitaa ya nyumba ndogo za mafundi na wafanyakazi, nyumba za zama zile zile za nguzo zinazosifiwa. Mwaka 1973 Adam Fergusson alitoa kitabu, The Sack of Bath, kulipigia kelele jambo hilo. Zilizosifika zililindwa, za wanyonge zikawa kifusi. Mwaka 1987 UNESCO iliutia mji huo katika Urithi wa Dunia, lakini mitaa ile haikurudi.

Basi nauliza: je, historia ni ya wenye nguzo tu? Aliyechonga jiwe hakulala popote? "Nyuma hakuna kitu" ni maneno mepesi mdomoni, lakini ndiyo yanayotangulia tingatinga. Anayetaka kuhifadhi mji, na aanzie huko nyuma.